Amfoterisini ya kawaida au ya liposomu: piga hesabu ya bili nzima

Daktari amesema mgonjwa wenu ana homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, ile inayowapata zaidi watu wenye VVU ambao kinga imeshuka sana. Dawa inatakiwa leo. Cheti kimeandikwa amfoterisini B, na dukani unaambiwa ziko mbili: ya kawaida, na ya liposomu ambayo kichupa kimoja kina bei kubwa zaidi. Usitoe fedha bado.

Kwanza uliza kama unahitaji kununua. Nenda kwa mfamasia wa hospitali, kisha kliniki ya VVU, uulize kama dawa iko kwenye akiba ya serikali au ya mradi. Ikiwa ugonjwa ni kala-azar, ambayo pia hutibiwa kwa dawa hii katika maeneo kama Turkana, Baringo na Karamoja, uliza kwa nguvu zaidi: tangu makubaliano ya 2011, mtengenezaji amekuwa akitoa vichupa vya liposomu bure kupitia Shirika la Afya Duniani.

Kama ni lazima ununue, ujue unalipia nini. Zote mbili ni unga: dawa imegandishwa, kisha maji yake yakavutwa kwenye ombwe mpaka ikakauka, ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuharibika. Tofauti ni kwamba ile ghali imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta vidogo mno, na sukari imewekwa ili vifuko visipasuke vinapokaushwa. Vifuko hivyo huipunguzia figo sumu ya dawa. Hapo ndipo fedha yako inapokwenda.

Sasa hesabu. Tuseme mgonjwa ana kilo 60. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022, dawa ya liposomu hutolewa mara moja tu, miligramu 10 kwa kila kilo: miligramu 600, yaani vichupa 12 vya miligramu 50. Ya kawaida ni miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa siku 7. Hiyo ni miligramu 60 kwa siku, na kwa kuwa kichupa nacho ni cha miligramu 50, kila siku unafungua viwili. Jumla 14, na sehemu kubwa ya kila kichupa cha pili inamwagwa. Muulize daktari kama dozi inaweza kusogezwa ili kisifunguliwe kichupa cha pili kwa ajili ya miligramu chache. Uamuzi ni wake, lakini swali ni haki yako.

Mwaka 2018 mtengenezaji wa dawa ya liposomu alitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Vichupa 12 ni dola 195. Hiyo si bei ya duka la mtaani, ila ni kipimo kizuri: ukitajiwa mara tatu yake, omba bei kwingine.

Bei ya ile ya kawaida huonekana tamu mpaka bili ifike. Kila siku ya dripu kuna lita ya maji ya chumvi kabla ya dawa, vidonge vya potasiamu na magnesiamu, na kanula mpya mshipa unapovimba. Kipimo cha figo na chumvi za damu kinarudiwa tena na tena. Damu ikishuka sana, mnatafuta wa kumchangia. Figo zikigoma, dawa inasimamishwa na mnaanza kutafuta nyingine mkiwa mmeishiwa.

Utafiti uliofanyika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, na kuchapishwa 2022, ulizilinganisha njia hizi mbili. Hadi wiki ya kumi walikuwa wamefariki asilimia 24.8 ya waliopewa dozi moja ya liposomu, na asilimia 28.7 ya waliopewa ile ya kawaida kwa wiki. Tofauti hiyo haitoshi kudai kwamba moja inaokoa zaidi. Penye tofauti ya wazi ni madhara makali: asilimia 50.0 dhidi ya 62.3.

Ila usiahidiwe kwamba dozi moja ni kulala usiku mmoja. Mgonjwa bado anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo ili kupunguza shinikizo kichwani, pengine mara kadhaa. Gharama hiyo iko pale pale, na msiikwepe.

Jambo linaloamua zaidi ni flusitosini, vidonge ambavyo wauzaji wengi hawavitaji. Dozi moja ya liposomu ilipimwa ikiwa pamoja na flusitosini na flukonazoli za siku 14. Flusitosini isipopatikana, mwongozo unataka liposomu kila siku kwa siku 14, miligramu 3 hadi 4 kwa kilo. Kwa kilo 60, hata kwa 3 tu, ni vichupa 4 kwa siku, jumla 56, yaani dola 910 kwa bei ile ile ya chini. Kwa hiyo tafuta flusitosini kwanza.

Ushauri wangu ni huu. Flusitosini ikiwepo na dozi nzima ya liposomu ikiwa ndani ya uwezo wenu, chukueni liposomu, hasa kama figo za mgonjwa tayari ni dhaifu. Msinunue nusu ya vichupa mkitumaini kumalizia wiki ijayo. Kama fedha inatosha ya kawaida tu, nunueni hiyo leo hii. Kungoja kunaua zaidi kuliko madhara ya dawa hiyo.

Kwenye kaunta, soma boksi kwa macho yako. Kama umelipia liposomu, lazima litaje liposomu waziwazi. Maneno amfoterisini B peke yake hayatoshi. Dawa ya kawaida ikitolewa kwa kipimo cha liposomu inaweza kusimamisha moyo. Kuna pia aina ya tatu, ya mchanganyiko wa mafuta, ambayo vipimo vyake ni vingine. Ya kawaida itoke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8; ikitolewa rafuni, iache. Ya liposomu huvumilia hadi nyuzi 25, na joto la mchana Dar es Salaam au Mombasa huvuka hapo.

Nunua pia maji safi ya sindano na dripu ya glukosi ya asilimia 5. Maji ya chumvi huigandisha dawa, kwa hiyo hayachanganywi nayo.

Na kabla hujamaliza fedha, tenga ya flukonazoli. Baada ya wiki mbili za kwanza ni miligramu 800 kwa siku kwa wiki 8: vidonge 224 vya miligramu 200, kisha kimoja kila siku mpaka daktari aseme basi.