Mtazamo wa Mhudumu Kuhusu Ushauri wa Lishe: Kwa Nini Upimwe?

Katika kata ya Kisiwani, wilayani Same, chini ya Milima ya Upare na jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, makande ni chakula cha kila nyumba. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anayekula makande na kushushia chai ya rangi anahitaji maelezo mahususi: chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika maharage, ilhali embe, chungwa au papai huuongeza. Aendelee na vidonge vyake, na chai aisogeze mbali na mlo. Maelezo hayo ni ya dakika mbili, lakini mara nyingi mama wa namna hiyo huambiwa tu, "Ule mlo kamili."

Ni rahisi kusema kwamba mhudumu hajui. Lakini kujua ni jambo moja. Kuamini kwamba ushauri ni sehemu ya tiba, na kwamba mgonjwa ataufuata, ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo mtazamo hupimwa kando na maarifa.

Njia iliyoenea ni ile ya Rensis Likert ya mwaka 1932: mhudumu husoma kauli, kisha huchagua jibu kati ya "sikubali kabisa" na "nakubali kabisa". Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha kipimo cha aina hiyo chenye kauli 45 kuhusu lishe katika huduma ya mgonjwa.

Kipimo hicho hakiwezi kuletwa Same kwa kutafsiriwa tu. Kauli zilizotungwa kwa ajili ya madaktari hazina budi kumfaa pia tabibu na muuguzi mkunga, ambao ndio nguzo ya zahanati. Baadhi ya kauli ziandikwe kinyume, ili anayekubali kila kitu kwa adabu atambulike. Fomu zisiwe na majina, kwani mhudumu anayehofia msimamizi wake atajibu yanayompendeza msimamizi.

Matokeo nayo yasomwe kwa uangalifu. Alama za juu si ushahidi kwamba ushauri unatolewa. Ikiwa mhudumu anauthamini lakini hautoi, tuangalie foleni na chumba cha faragha. Ikiwa hajiamini, apewe mafunzo kwa vitendo. Ikiwa anaamini wagonjwa hawabadiliki, arejeshewe habari za waliobadilika.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za taifa. Udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Akiambiwa "kula vizuri", na aulize bila woga: "Katika vyakula vilivyopo nyumbani kwangu, nile kipi, pamoja na nini, na wakati gani?" Swali hilo humkumbusha mhudumu kwamba ushauri wake unasubiriwa.