Umeanza lini kuumwa?

Anayekuja dukani kwangu kutaka dawa ya homa na kifua hujibu swali moja kabla sijagusa boksi lolote: umeanza lini kuumwa? Wapo wanaokereka. "Dokta, wewe nipe dawa bwana, mambo ya lini ya nini?" Mimi ni mfamasia, nipo Ngamiani hapa Tanga, na swali hilo siliachi. Korona ilinifundisha kwamba kwa magonjwa ya virusi vinavyoingia kwa njia ya hewa, siku ya ugonjwa ina uzito sawa na jina la dawa. Dawa inayomwokoa mgonjwa siku ya tisa inaweza kumdhuru siku ya pili, na ile inayofaa siku ya pili, ukimpa siku ya tisa, umemtolesha pesa bure.

Katikati ya mwaka 2021, korona ilipokuwa imerudi kwa nguvu, alikuja mama mmoja mtu mzima, amefunga kilemba cha kitenge, barakoa ya kitambaa imeshuka chini ya pua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipatie vile vidonge vidogo vya korona. Deksa."

"Nani anaumwa?"

"Kijana wangu wa mwisho. Homa imemshika jana alasiri, na mafua, na mwili wote unamuuma."

"Anapumua vizuri?"

"Anapumua. Asubuhi amekunywa uji."

Sikumpa. Nilimpa parasetamoli, nikasihi kijana akapimwe korona, akapimwe na malaria pia, maana kwetu pwani homa haiachi kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Mama alinikazia macho. Redio imetangaza kuwa deksa inatibu, wewe unaizuia kwa nini?

Redio haikusema uongo, ila habari yenyewe ilifika nusu. Tarehe 16 Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray walitangaza matokeo ya jaribio lao liitwalo RECOVERY. Walikuwa wamewapa wagonjwa 2,104 waliolazwa katika hospitali za Uingereza deksamethasoni, ndiyo deksa yenyewe, miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, wakawalinganisha na wagonjwa 4,321 waliopata matibabu ya kawaida tu. Kwa waliokuwa wakipumulia mashine, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vilipungua kwa moja ya tano hivi. Dunia ikashangilia, na ilikuwa na haki, kwa sababu deksamethasoni ni dawa ya miaka mingi, ya bei ndogo, ipo karibu kila hospitali ya wilaya.

Lakini kulikuwa na kundi la tatu, wale waliolazwa bila kuhitaji oksijeni. Hao dawa haikuwasaidia. Waliokufa kati ya waliopewa deksamethasoni walikuwa asilimia 17.8, na kati ya wasiopewa asilimia 14. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba dawa iliua, ila inatosha kumfanya mtu wa dawa auvute mkono wake nyuma. Kijana wa yule mama alikuwa nyumbani, siku ya pili, anakunywa uji. Hakuwa hata na sababu ya kulazwa.

Kwa nini dawa ileile ifanye mambo mawili? Hapo inabidi tuingie mwilini kidogo.

Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli, kwa korona mara nyingi zile za pua na koo kwanza, kisha kiilazimishe seli hiyo itengeneze nakala zake. Seli iliyovamiwa ina njia ya kutambua kwamba ndani yake kuna vinasaba visivyo vyake, na ikitambua hutoa protini iitwayo intaferoni. Iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni yenyewe haiui kirusi. Kazi yake ni ya mbiu ya mgambo: ikilia, seli za jirani zinajua kuna jambo, zinaanza kutengeneza protini za kuzuia kirusi kisinakiliwe ndani yao, hata kabla hakijazifikia. Pia inaziita chembe nyeupe za damu. Homa, uchovu na maumivu ya viungo unayoyasikia siku za mwanzo, kwa sehemu kubwa, ni kinga yako ikiwa kazini.

Kirusi cha korona kina protini kadhaa zinazoinyamazisha mbiu hiyo. Mbiu ikichelewa, kirusi kinapata muda wa kuzaliana kwa wingi na kushuka mapafuni. Kingamwili, pamoja na zile chembe nyeupe zinazosaka seli zilizoambukizwa, kwa mtu ambaye hajachanjwa wala hajawahi kuugua, huchukua kama wiki moja au mbili kujipanga. Zikifika zinakuta virusi vimetapakaa. Mwili unamwaga kemikali za kuamsha uvimbe, mapafu yanavimba, yanajaa majimaji, oksijeni haipiti. Kwa wengi waliozidiwa na korona ya miaka ya mwanzo hali hiyo ilianza kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili. Wakati huo wingi wa virusi mwilini mara nyingi umeshaanza kushuka, na kinachomkaba mgonjwa ni uvimbe.

Deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, inatuliza uvimbe kwa kuipunguza nguvu kinga. Siku ya tisa, mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, hilo ndilo analolihitaji. Siku ya pili unakuwa umeinyamazisha mbiu kwa mkono wako mwenyewe, ukakifanyia kirusi kazi ambayo kilikuwa kinahangaika kuifanya. Hapo sijataja sukari ya damu, ambayo steroidi huipandisha, na wazee wangapi wa mji huu wana kisukari. Sijataja wale minyoo wadogo wanaoingia kwa nyayo za anayetembea pekupeku na kukaa mwilini miaka na miaka bila kujionyesha, ambao steroidi inaweza kuwafumua wakasambaa mwili mzima na kuua. Wako watu mtaani wanaomeza vidonge hivi ili wanenepe. Mimi jambo hili linaniuma sana, na nitalisema kila nitakapopata nafasi.

Kuna utafiti mmoja kuhusu intaferoni ambao nikiusoma hadi leo nasisimka. Paul Bastard, Jean-Laurent Casanova na wenzao, mwaka 2020, walipima damu za watu 987 waliokuwa mahututi kwa korona. Watu 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazoshambulia intaferoni yao wenyewe, na 95 kati ya hao 101 walikuwa wanaume. Kati ya watu 663 walioambukizwa wakaugua kidogo au wasiugue kabisa, hakuna hata mmoja aliyekutwa na kingamwili hizo kwa kiwango cha kuizima intaferoni. Tulishuhudia misiba ya wanaume wenye nguvu zao, jana wako sokoni, wiki inayofuata wanazikwa, na watu wakaanza kunong'ona kuhusu kulogwa. Kwa baadhi yao, huenda mbiu ilinyang'anywa sauti na mwili wenyewe.

Je, mtu akiongezewa intaferoni kwa sindano? Shirika la Afya Duniani lilijaribu aina moja kwa wagonjwa waliokwisha kulazwa, halikuona faida. Baadaye watafiti nchini Brazil na Canada walitumia ndugu yake, intaferoni lamda, sindano moja tu, kwa watu waliokuwa bado ndani ya siku saba za dalili na hawajalazwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: waliozidiwa hadi kulazwa au kukaa kwa muda mrefu idara ya dharura walikuwa asilimia 2.7, na kwa waliochomwa sindano tupu au kupewa kidonge tupu asilimia 5.6. Lamda si intaferoni ileile, kwa hiyo siwezi kusema tofauti yote ni ya siku. Remdesiviri, ya kupambana na kirusi chenyewe, hata hivyo ni dawa ileile moja, mapema na kwa kuchelewa. Haikuwaokoa waliokwisha kuwekwa kwenye mashine. Ilipotolewa kwa siku tatu mfululizo kwa wagonjwa wa nyumbani walio hatarini, ndani ya wiki ya kwanza ya dalili, ilipunguza kulazwa kwa asilimia 87.

Halafu kuna Paxlovid, yenye nirmatrelviri ya kukizuia kirusi kujinakili na ritonaviri ya kuifanya nirmatrelviri ikae mwilini muda mrefu zaidi. Ritonaviri wenzangu wa dirisha la ARV wanaijua vizuri, na wanajua inavyogombana na dawa nyingine, zikiwemo rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa. Kwa watu wasiochanjwa wenye hatari kubwa, walioanza dawa ndani ya siku tatu, kulazwa na kufa kulipungua kwa asilimia 89. Vifo vyote 13 vya jaribio hilo vilitokea kwa waliopewa vidonge vitupu. Kwa watu wa hatari ndogo, jaribio jingine halikupata faida ya wazi. Hata kwa mafua makali ya influenza ni hivyohivyo: oseltamiviri inatakiwa ianze ndani ya saa 48 ili ifanye kazi vizuri.

Sasa wengine huniuliza kuhusu zile dawa zilizotangazwa sana kwamba ukiwahi tu unapona. Kuwahi ni kuzuri, lakini dawa nayo iwe na uwezo. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha kutibia malaria mwaka 2001 na wazee bado wanakumbuka ilivyokuwa ikiwawasha mwili. Maabarani ilizuia korona ndani ya seli za figo za tumbili. Ilipojaribiwa kwenye seli za mapafu ya binadamu haikuzuia, kwa sababu huko kirusi hupita mlango mwingine ambao dawa hiyo haiufungi. Ivamektini, ambayo watu wa mkoa huu tumeimeza kwa ajili ya matende, mabusha na usubi, ni dawa nzuri mno kwa kazi yake. Jaribio kubwa la Brazil liliwapa wagonjwa ndani ya wiki ya kwanza, halikupunguza kulazwa. Azithromaisini, mnayoiita azuma, inaua bakteria. Kirusi hakiijui. Na nyungu ya mkaratusi na mchaichai huenda ikakufungua pua, ila mvuke haukifikii kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya seli, na nimeshaona watoto walioungua kwa sufuria iliyopinduka chini ya shuka.

Mwaka huohuo wa 2021 alikuja mzee mmoja na mjukuu wake. Siku ya tisa. Homa ilikuwa imekatika, naye alisema anajisikia nafuu, anataka vitamini tu apate nguvu. Alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu. Nilimwekea kidoleni oksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu. Kidole kilikuwa cha baridi, nikakisugua, nikasubiri namba itulie: 86. Mtu mwenye mapafu mazima huwa na 95 kwenda juu, na chini ya 90 ni dharura. "Babu, vitamini utakunywa ukirudi," nikamwambia, na nikamwita kijana wa bajaji mwenyewe awapeleke hospitali. Yule ndiye aliyekuwa mtu wa deksa, na oksijeni, mikononi mwa daktari. Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, akaniomba vitamini vyake.

Kinachonisumbua sasa ni zile siku tatu za mwanzo. Kampuni inayotengeneza Paxlovid ilitoa ruhusa mwaka 2021 dawa hiyo itengenezwe kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 95. Lakini hata dawa ingejaa rafu zangu, nani angeijua siku yake? Mtu wa kwetu akishikwa na homa Jumatatu, Jumanne anakunywa panadoli, Jumatano anapima malaria, Alhamisi wanamwambia ni kifua, anapewa azuma, na Jumamosi ndipo jamaa wanaanza kuulizana kama si korona. Wiki imekwisha. Kipimo cha haraka cha korona, cha kuchokonoa pua, hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 30, kama kile cha malaria cha tone la damu. Ningependa viwili hivyo vikae pamoja kwenye kila zahanati, meza moja, siku ya kwanza mgonjwa anapofika. Na mwenye kisukari, presha au umri uliokwenda asisubiri Jumamosi. Aje Jumanne, hata kama anaona aibu kuja na mafua tu.