Ndugu Wawili na Usukani

Zamani, katika barabara ya vumbi ya Nachingwea kwenda Ruangwa, nilipanda lori la korosho nikakaa mbele pamoja na ndugu wawili wa tumbo moja, mkubwa akiwa dereva na mdogo akiwa utingo; na kila tulipokaribia korongo yule mdogo alitoa kichwa dirishani akatamka neno moja tu, "kushoto" au "taratibu", na kaka yake, pasipo kugeuka wala kuuliza, akaliamini neno lile kama alivyoyaamini macho yake mwenyewe.

Kazi hiyo ya utingo, katika mashindano ya magari, ni ya msoma ramani, nayo ina fahari yake katika nchi zetu. Safari Rally ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na magari yakawa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, matopeni na mavumbini. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, katika Volvo PV544 yenye namba 1, na aliyekuwa naye garini ni nduguye Jaswant. Waliporejea Nairobi walikuwa wamemwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya saa nzima. Maelfu ya kilomita bila usingizi wa haja humfanya mtu amshuku hata aliye kando yake, na naamini kwamba ndugu aliyekuzoea tangu utotoni hukupunguzia shaka hiyo.

Lakini kila mmoja akipata usukani wake, mambo hubadilika. Huko Marekani yako mashindano ya magari yenye sura ya magari ya kawaida, yanayozunguka uwanja mmoja mara mamia, na koo zake mashuhuri hujulikana kama koo za wafalme. Mwezi Juni 1959, katika uwanja wa Lakewood mjini Atlanta, kijana Richard Petty alitangazwa mshindi kwa mara ya kwanza maishani mwake; mara akatokea mlalamikaji, mizunguko ikahesabiwa upya, ushindi ukamtoka. Mlalamikaji alikuwa Lee Petty, baba yake mzazi. Mimi simlaumu mzee yule, kwani haki yake ilikuwa haki hata mbele ya mwanawe. Miaka 20 baadaye, huko Daytona, Donnie Allison na Cale Yarborough waligongana katika mzunguko wa mwisho, na Bobby, nduguye Donnie, akasimamisha gari lake, ikawa ngumi mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni, ilhali Richard Petty aliwapita akatwaa ushindi.

Koo hizo hurithishana kutoka kwa baba. Kwa Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea nasaba hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya mpwa wake. Basi ndugu wale wa lori, mdogo alipopata lori lake mwenyewe, hawakugombea mzigo wala njia. Waligombea mtoto wa dada yao awe utingo, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye mjomba aliyemlea. Kijana, kwa adabu, akawagawia zamu: juma hili kwa mkubwa, juma lijalo kwa mdogo, na kila penye korongo kichwa chake kiko dirishani.