Unanunua trekta dogo? Uliza giaboksi kabla ya bei

Kila mavuno yakiisha napigiwa simu: "Bwana shamba, nimepata trekta la mtumba kutoka Japani, HP 25, nichukue?" Huwa nauliza kwanza giaboksi yake ni ya aina gani. Wengi hawajui. Wameshaangalia rangi, matairi na bei.

Mkulima mmoja wa kata yangu aliuza mpunga akanunua trekta lisilo na klachi. Kuliendesha raha tupu. Akalifungia plau, akalivutishia na trela la magunia. Msimu wa pili likawa linakosa nguvu kila likipata moto, na mvua zimeshaanza. Fundi wa kijijini akafungua, akafunga, akasema hili siliwezi. Jamaa akarudi kukodi. Trekta lilikuwa zuri, ila kwa kazi nyingine.

Sasa tuzione aina tatu utakazokutana nazo.

1. Gia za kawaida
Nguvu ya injini inapita kwenye klachi na meno ya gia hadi magurudumuni. Inayopotea njiani ni kidogo, kwa hiyo kwa plau na trela ndiyo yenyewe. Klachi ikiisha, fundi aliyezoea matrekta ataibadilisha. Kero yake ni kwamba mengi ya zamani lazima usimame kabisa ndipo ubadilishe gia.

Uliza pia klachi ni ya hatua ngapi. Ya hatua moja ukiikanyaga, magurudumu na PTO (shafti ya nyuma inayozungusha rotavata) vinasimama pamoja. Ya hatua mbili ukikanyaga nusu, trekta linasimama huku rotavata inaendelea kuzunguka.

2. Gia zenye mkono wa mbele-nyuma
Ni gia zilezile, ila kuna mkono karibu na usukani wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwenye majaruba madogo, ambako unageuza kila baada ya hatua chache, unaokoa muda sana. Nyingine unakanyaga klachi kwanza, nyingine zinabadilisha kwa presha ya oili. Hizi za oili bei yake iko juu.

3. Haidrostatiki (wengi wanaiita otomatiki)
Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenye mota, mota inazungusha magurudumu. Ukikanyaga pedali linaenda, ukiachia linasimama, na PTO haibadilishi kasi. Kwa kukata nyasi au kuzoa samadi kwa koleo la mbele, hakuna kama hii. Lakini sehemu ya nguvu inaishia kuwa joto kwenye oili, ndiyo maana HP 25 ya aina hii inavuta chini ya HP 25 ya gia. Uchafu au maji kwenye oili vinaua pampu, na pampu hairekebishwi kwa nyundo na spana.

Angalizo: picha za kobe na sungura ni za mwendo wa polepole na wa kasi tu. Zipo kwenye gia na kwenye haidrostatiki pia, zisikuchanganye.

Jaribu kabla ya kulipa
- Gusa injini ukifika. Kama tayari ina moto, subiri ipoe ndipo iwashwe.
- Klachi: weka gia kubwa, kanyaga breki, achia klachi taratibu. Injini izime. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza.
- Gia: shuka mteremko mdogo ukiwa umeachia mafuta. Gia ikichomoka yenyewe, meno yamelika.
- Haidrostatiki: lifanyishe kazi nusu saa, kisha lipandishe mlima. Likilegea, pampu imechoka.
- Angalia oili ya giaboksi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Kwa kifupi: plau, haro na trela, chukua gia za kawaida. Rotavata kwenye majaruba, tafuta yenye mkono wa mbele-nyuma na klachi ya hatua mbili. Nyasi na mifugo, haidrostatiki, mradi oili sahihi inapatikana kwenu.

Na kabla hujatoa hela, mpigie fundi atakayelihudumia. Muulize kama giaboksi ya aina hiyo ameshawahi kuifungua. Akisita, na wewe sita.