Lipia macho kabla ya sururu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ichenjezya, hapa Vwawa, alinipigia simu Februari moja, mvua ikiwa haijakatika kwa wiki mbili. "Mwanangu, choo kinarudisha," akasema. Nilipofika nikakuta fundi mwingine ameshapita. Sakafu ya bafu ilikuwa imebomolewa, marumaru zimerundikwa kizingitini, bomba la inchi 4 limekatwa katikati. Ndani ya bomba kulikuwa na maji taka yaliyosimama tu. Kilichoyasimamisha hakikuwa bafuni.

Nikamuuliza mama, "Chemba ziko wapi?" Akanyoosha mkono kuelekea bustani ya maua. Mwenye kujenga alikuwa marehemu mumewe, na mifuniko ilishafukiwa na udongo. Tulichokonoa kwa nondo mpaka ikagonga zege. Chemba ya kwanza ilikuwa imejaa hadi juu. Ya pili, hatua kumi mbele, ilikuwa kavu. Jibu likawa hapo: tatizo liko kati ya chemba hizo mbili. Kulijua hilo kulituchukua kama saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kutafuta mifuniko.

Vwawa imebadilika haraka tangu iwe makao makuu ya Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Zamani choo cha shimo kilikaa nyuma ya nyumba, na kikijaa unachimba kingine. Siku hizi choo kimeingia ndani, na kimekuja na mabomba. Mwenye nyumba wa London akiona maji hayaendi, sehemu ya njia ile ni mali ya kampuni ya maji, na kampuni ndiyo inayogharamia. Nyumba zetu hazina mtandao wa aina hiyo. Kuanzia sinki, chemba, tangi la septiki hadi shimo la kufyonza, kila kitu ni chako na kila shilingi inatoka mfukoni mwako. Ndiyo maana nashangaa tunavyokuwa wagumu kulipia ukaguzi na wepesi kulipia ubomoaji.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mtambo. Wenzetu wa mbali huingiza kamera ndani ya bomba, nasi tunaweza kufika karibu sana kwa vitu vya nyumbani. Anza na swali moja: kinachokataa ni kimoja au vyote? Sinki la jikoni likikataa peke yake, tatizo liko kwenye bomba lake. Hapa kwetu mara nyingi ni majivu na mchanga wa kusugulia sufuria, vikichanganyika na mafuta ya nguruwe ambayo baridi ya Juni huyagandisha yakawa kama mshumaa. Choo, bafu na sinki vikikataa kwa pamoja, usiguse sakafu ya ndani. Nenda nje.

Huko nje fungua chemba zote. Iliyojaa ikifuatiwa na kavu, umepata mahali. Zikijaa zote hadi kwenye tangi, tatizo ni tangi au shimo la kufyonza. Kama hujui bomba lipi linaingia chemba ipi, koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo, mwaga chooni, kisha simama kwenye chemba uone inatokea wapi na baada ya muda gani. Kujua kama bomba limenyooka, mmoja amulike tochi chemba ya kwanza na mwingine atazame kwa kioo chemba ya pili. Ukiona duara kamili, bomba ni zima. Ukiona mwezi mchanga, limeshuka katikati au lina uchafu. Na slopu ipimwe kwa kamba na pima maji. Bomba la inchi 4 linataka kushuka sentimita 25 hivi kwa kila mita 10. Mafundi wengi hukadiria kwa jicho, na jicho hudanganya hasa kwenye viwanja vyetu vyenye mteremko, ambako bomba huonekana linashuka kumbe limelala.

Gharama nitaihesabu kwa siku za fundi na msaidizi wake, maana shilingi ya Vwawa si ya Tunduma, na ya Januari si ya Agosti. Ukaguzi kama niliousema ni nusu siku. Kwa mama yule, kuchimba kati ya chemba mbili, kukata mzizi wa mparachichi uliopenya kwenye kiungo, kubadilisha bomba moja la mita 6 na kufukia kulichukua siku moja na nusu. Jumla siku mbili. Upande wa bafu, fundi wa kwanza alitumia siku nzima kubomoa, na kurudishia kukachukua siku mbili nyingine, juu yake saruji, mchanga, gundi na marumaru. Sehemu isiyokuwa na kosa lolote ndiyo iliyokula pesa nyingi.

Tangi nalo lina hesabu yake. Kazi yake ni kutuliza maji: vitu vizito vinazama vikawa tope, mafuta yanaelea yakawa utando, na maji ya katikati yanakwenda kwenye shimo la kufyonza. Pale yanapoingilia na kutokea panatakiwa tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T, inayoshuka ndani ya maji, ili utando usitoroke. Tii ikikatika, mafuta yanahamia kwenye shimo la kufyonza na kuziba udongo. Tii hiyo ni bei ya chakula cha mchana. Shimo jipya la kufyonza ni kazi ya wiki. Kujua kama tangi linataka kunyonywa, chovya mti uliofungwa kitambaa cheupe hadi chini, utoe uangalie tope limepaka hadi wapi. Likifika theluthi ya kina, wakati umefika. Likiwa chini ya hapo, anayekwambia uliite gari anakuuzia safari.

Na safari ndiyo inayopandisha bei. Gari la kunyonya likitoka Mbeya linatembea kama kilometa 70, Tunduma kama 40, na mafuta ya kwenda na kurudi unalipa wewe. Majirani watatu wakijipanga siku moja wanagawana barabara. Lakini msiliite katikati ya masika. Kati ya Desemba na Machi udongo umeshiba, shimo la kufyonza halinywi, na tangi likinyonywa leo maji ya ardhini yanaweza kulirudishia baada ya siku chache. Utakuwa umelipa gari libebe mvua. Subiri Juni au Julai kama hali inaruhusu, na masika punguza maji: fulia nje, geuza maji ya paa yasielekee kwenye shimo. Wengine husubiri mvua kubwa inyeshe usiku wafungue tangi kwenye mtaro, tunaita kutapisha. Kinyesi hicho hupita mlangoni kwa jirani wa chini na kuishia kwenye kijito wanakochota watu.

Kabla ya kukubaliana na fundi, mtake aseme bei mbili, ya kuangalia na ya kutengeneza, na ya pili aitaje baada ya kukuonyesha kosa kwa macho yako. Mwambie achore njia ya bomba na hatua kutoka kona ya nyumba hadi kila chemba. Akijitolea kushuka ndani ya tangi kwa bei nafuu, kataa. Mle kuna hewa inayoua kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa hufa naye.

Mama wa Ichenjezya ana mchoro sasa, ameubandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Marumaru zake za rangi ya maziwa haziuzwi tena madukani, kwa hiyo bafu lake hadi leo lina kiraka cha kijivu, mita moja kwa mita moja, juu ya bomba ambalo halikuwa na tatizo.