Upangaji wa Spika za Sauti ya Kuzingira katika Sebule za Shinyanga na Geita: Hoja ya Kusikika kwa Usemi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kupanga spika za mfumo wa sauti ya kuzingira katika sebule za kawaida za Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba mpangilio uanzie kwenye kusikika kwa maneno, si kwenye ukubwa wa mshindo, kwa kuwa vyumba vya eneo hili vina nyuso ngumu na wasikilizaji wake wengi hushinda kwenye kazi zenye kelele.

1. Utangulizi

Katika nyumba za Kahama, Katoro na Geita mjini, si ajabu kuikuta seti ya spika tano na sabufa moja ikiwa imerundikwa yote juu ya kabati la runinga. Filamu inapoanza, mlipuko hutikisa madirisha, lakini wahusika wanapozungumza, watazamaji huulizana: "Amesemaje?" Mwenye rimoti huongeza sauti; mlipuko unaofuata humlazimu kuipunguza.

Tatizo hili lina uzito wa pekee kwetu. Filamu za kigeni zilizoingizwa simulizi ya Kiswahili, ambazo zilienea kupitia vibanda umiza na wasimulizi kama Lufufu, huweka kisa chote katika sauti ya mtu mmoja. Sauti hiyo ikimezwa na mshindo, kisa nacho kimepotea. Zaidi ya hayo, maana katika Kiswahili mara nyingi hubebwa na konsonanti moja. Tuchukue maneno choka, shoka, soka na foka: yote yanaishia na -oka, na kinachoyatenga ni mkwaruzo mfupi wa mwanzo. Mkwaruzo huo ni hafifu na uko katika masafa ya juu. Usikivu ulioathiriwa na kelele huanza kudhoofu katika masafa hayohayo ya juu, kati ya hezi 3000 na 6000. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka mingi kando ya karasha au mashine ya kuchorongea miamba husikia kwamba kuna mtu anasema, ila hasikii anasema nini. Kumwongezea sauti hakumsaidii sana. Kumpangia spika vizuri kunamsaidia.

2. Chumba kabla ya spika

Sebule ya kawaida ya eneo hili ina kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji na paa la bati, pengine bila dari. Nyuso hizi hurudisha karibu sauti yote inayozifikia. Jaribio la kuuthibitisha ukweli huu ni rahisi: piga kofi moja katikati ya chumba kitupu, mlio wa kengele unaofuata ndio utakaofunika konsonanti. Zulia mbele ya runinga, pazia zito na masofa ya kitambaa hupunguza mwangwi huo kuliko spika yoyote ya bei kubwa. Kama fedha ni chache, dawa ielekezwe mahali panapouma: mtu akae kwenye kiti kikuu, mwenzake asogeze kioo taratibu ukutani. Pale spika ya mbele inapoonekana kwenye kioo ndipo sauti inapodunda, na ndipo panapostahili pazia.

3. Nafasi ya kila spika

Spika ya kati ndiyo mama wa mfumo, kwa sababu hubeba sehemu kubwa ya usemi. Iwekwe chini au juu ya runinga, ukingoni mwa kabati na si ndani yake, ikiinamishwa kuelekea masikio ya aliyeketi.

Spika za mbele za kushoto na kulia hufuata pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU): kila moja ikae nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Bila kipimapembe, kanuni ni hii: umbali kati ya spika hizo mbili uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kiti kikuu. Kiti kikiwa mita 2.4 kutoka kwa spika, basi nazo zitenganishwe kwa mita 2.4.

Spika mbili za kuzingira hukaa kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni mwa msikilizaji na nyuma kidogo. Hapa ndipo sebule zetu hukwama, kwa maana sofa huegemezwa ukutani. Ikiwezekana, sofa isogezwe mbele walau kwa nusu mita. Isipowezekana, spika zitundikwe kwenye kuta za pembeni, juu kidogo ya masikio.

Ukaribu wa spika hizi una hatari yake. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde moja. Spika ya nyuma ikiwa mita 1.2 kutoka kwenye kiti, na ya mbele mita 2.4, ya nyuma hutangulia kwa milisekunde 3.5 hivi. Katika tasnifu yake ya mwaka 1949 katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Helmut Haas alionesha kwamba sauti ileile ikitoka sehemu mbili kwa kupishana kidogo, sikio huihesabu kuwa imetoka kule ilikotangulia. Ndiyo maana msimulizi huonekana kusemea kisogoni. Amplifaya nyingi zina sehemu ya kuandika umbali wa kila spika. Ijazwe kwa kutumia futikamba, si kwa kukisia.

Aidha, filamu nyingi za simulizi zina njia mbili tu za sauti. Mtumiaji akichagua spika zote zitoe sauti ileile, msimulizi atatoka pande tano kwa pamoja. Mpangilio wa aina ya Dolby Pro Logic ni bora, kwa kuwa huipeleka kwenye spika ya kati ile sauti iliyo sawa katika njia zote mbili.

4. Sabufa na jirani

Besi haina mwelekeo unaotambulika kwa urahisi, hivyo sabufa inaweza kukaa popote, lakini si popote panafaa. Kwenye kona hunguruma kupita kiasi na kufunika usemi. Iwekwe kwanza kwenye kiti kikuu, kisha msikilizaji azunguke chumba akiwa ameinama. Pale besi inaposikika safi ndipo ihamishiwe. Katika nyumba za kupanga ambazo ukuta haufiki kwenye bati, ikumbukwe kwamba jirani aliyetoka zamu ya usiku amelala upande wa pili.

5. Hitimisho

Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini (NIOSH) inapendekeza kelele isizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Mchimbaji aliyemaliza kiasi hicho kazini hana akiba ya kutumia sebuleni. Spika zilizopangwa vizuri humwezesha kufuata kisa kwa sauti ya chini, na kuyahifadhi masikio aliyobaki nayo.