Dundu wa Rusinga na Jalala la Nshambya

Msimu wa senene ukiingia, usiku wa Bukoba hugeuka mchana. Taa kali huwashwa, mabati husimamishwa, na mapipa huwekwa chini yake kuwangojea wageni hao wa kijani na kahawia. Kesho yake asubuhi, anayepita Nshambya huwakuta akina mama na watoto wameketi mbele ya nyumba, beseni katikati, vidole vikinyonyoa mbawa na miguu. Zamani senene waliokotwa kwa mikono alfajiri, nyasi zikiwa bado na umande. Siku hizi umeme umefanya kazi hiyo iwe biashara kubwa, nasi si nia yetu leo kusema kama ni heri au ni shari.

Leo macho yetu yamevutwa na jalala lililo kando ya beseni. Humo mna mbawa za senene, nyepesi kama karatasi ya sigara, na humo pia mna wadudu ambao hakuna aliyewaalika: dundu weusi, wanene, wenye magamba magumu, ambao nao walivutwa na taa wakaangukia pipani. Hao hutupwa. Kuku huja, sisimizi huja, na mvua ya alasiri humalizia yaliyobaki. Ikifika jioni, mbawa hazionekani tena. Ila magamba ya dundu, ukipekua udongo hata baada ya juma zima, utayakuta bado yanang'aa.

Wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa katika miamba, hukabiliwa na jambo hilo hilo kila siku. Mdudu hana mfupa. Akifa huliwa au huoza kabla ya udongo kumfunika, na kwa hiyo katika maelfu kwa maelfu ya wadudu waliopata kuishi, aliyeacha alama ni mmoja mmoja tu. Mbawakawa, ambao dundu ni wa jamaa yao, wana bahati kidogo kuliko wenzao, kwa maana mbawa zao za mbele ziligeuka kuwa ngao ngumu inayozifunika zile za kurukia. Ngao hiyo ndiyo inayowalinda wakiwa hai, na ndiyo inayobaki wakifa. Mbawakawa waliokwisha pewa majina na wataalamu wanakaribia aina laki nne, yaani kama robo ya aina zote za wanyama zinazojulikana duniani. Mmojawapo wa wale wa kale kabisa wanaojulikana aliokotwa katika miamba ya Ujerumani, na umri wake unakaribia miaka milioni 295. Wakati huo hapakuwa na ndege angani, wala ua hata moja juu ya nchi.

Je, mwana wa Kagera atafute wapi kurasa hizo za kale? Asizitafute katika magenge ya mji wetu. Mawe ya mchanga ya Bukoba yanajulikana sana kwa wanajiolojia, hata jina la mji huu limekuwa jina la miamba ya namna hiyo katika vitabu vyao. Lakini ni makongwe mno. Yalilala chini mamia ya mamilioni ya miaka kabla mdudu wa kwanza hajatambaa juu ya nchi kavu. Mtu anaweza kuyavunja mawe hayo maisha yake yote asipate hata unyoya wa mguu wa mbawakawa.

Itambidi avuke ziwa. Kutoka Bukoba kwenda upande wa kaskazini-mashariki, yapata kilomita 280 juu ya maji, kuna visiwa vya Rusinga na Mfangano, katika nchi ya Kenya. Miaka kama milioni 18 iliyopita mahali hapo hapakuwa kisiwa, kwa sababu Ziwa Viktoria lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Palikuwa pana mlima wa volkeno uitwao Kisingiri, na kando yake misitu, vijito, jamaa za kale za tembo na vifaru, na manyani wasio na mkia. Mmoja wa manyani hao, aliyeitwa Proconsul, fuvu lake liliokotwa Rusinga na Bibi Mary Leakey mwaka 1948, na habari hiyo ikavifanya visiwa hivyo vijulikane dunia nzima.

Fuvu lile lilipata sifa, na wadudu waliotoka kwenye miamba hiyo hiyo wakasahauliwa. Mwaka 1952 Dakta Louis Leakey, ambaye wakati ule alikuwa msimamizi wa makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, alieleza katika jarida moja la sayansi la Uingereza kwamba Rusinga na Mfangano zimetoa wadudu ambao hawakubanwa wakawa bapa kama ua ndani ya kitabu. Walikuwa na umbo lao kamili, wamevimba kama walivyokuwa siku ya kufa kwao, na hata sehemu laini za mwili, ambazo kwa kawaida huoza kwa siku mbili tatu, zilikuwa zimegeuka jiwe.

Sababu ya ajabu hiyo ilikuwa ni majivu. Mlima Kisingiri ulitema majivu yenye chokaa nyingi. Majivu hayo yakifunika kitu upesi, kisha yakaloa kwa mvua, chokaa huyeyuka, hupenya, na huchukua mahali pa nyama kidogo kidogo kabla haijaoza. Nchini Tanzania tunao ndugu wa mlima huo ambaye bado yu hai, nao ni Ol Doinyo Lengai kule Ngorongoro, volkeno pekee duniani ambayo katika siku zetu hizi hutema lava ya jamii ya chokaa na magadi. Na nyayo za Laetoli, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni tatu na laki sita iliyopita, zilihifadhiwa nazo na majivu yaliyoloa na kukauka. Watu husafiri mbali kuzitazama nyayo hizo. Ni wachache wanaojua kwamba katika miamba ya Laetoli wameokotwa mbawakawa pia.

Turudi visiwani. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Edward Wilson na Robert Taylor, walitoa maelezo ya kundi zima la chungu waliogeuka mawe kutoka Mfangano. Walikuwa ni wale chungu washonao majani ya mti kuwa nyumba, ambao watu wa pwani huwaita maji moto kwa jinsi wanavyouma. Vipande vyao vilivyohesabiwa vilizidi mia tatu, wakubwa kwa wadogo, na watoto wao ambao walikuwa bado hawajakomaa. Nyumba ilianguka, majivu yakaifunika, ikaisha. Kwa kuwapima vichwa na miili, mabwana hao waliona kwamba mgawanyo wa kazi baina ya chungu wakubwa na wadogo ulikuwa tayari ni ule ule tunaouona leo miembeni.

Kisha mwaka 1976, katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, Mfaransa Renaud Paulian aliwapa majina dundu watatu kutoka miamba ya Kenya ya zama hizo. Mmoja alimwita kwa jina la kisiwa cha Rusinga, wa pili kwa jina la Mfangano, na wa tatu kwa heshima ya jamaa ya Leakey. Wote watatu walikuwa ni dundu wa kinyesi. Aina zile tatu zimekwisha toweka duniani, lakini koo zao hazikutoweka. Katika ukoo mmoja wamo wanaoviringisha donge la mavi hadi mbali na kulifukia. Katika ule mwingine wamo wanaochimba shimo papo hapo chini ya lundo na kulishusha. Koo hizo hizo zinaendelea na kazi hiyo leo katika malisho ya Afrika.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Proconsul ametoweka na ukoo wake. Tembo wa siku zile, wenye meno yaliyopinda kwenda chini, wametoweka. Mlima umekatwa na mvua ukabaki mashina, bonde likawa ziwa, na ziwa lenyewe, kama matope yaliyochimbwa chini yake yanavyoshuhudia, lilipata kukauka na kujaa tena yapata miaka elfu kumi na tano iliyopita. Katika misukosuko yote hiyo dundu wa kinyesi hakubadili kazi yake. Maadamu palikuwa na mnyama wa kula majani, palikuwa na dundu nyuma yake.

Mtu wa Buhaya hana haja ya kuelezwa thamani ya kazi hiyo. Udongo wetu ni maskini, na mgomba umesitawi hapa karne nyingi kwa sababu nyasi za rweya zilipita tumboni mwa ng'ombe na kuingia kibanjani zikiwa samadi. Sotoka ilipofagia mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, wenye vibanja walikosa zaidi ya nyama na maziwa. Na mavi yaliyobaki malishoni huingizwa ardhini na nani, usiku, bila jembe wala ujira? Ni yule yule anayetupwa jalalani asubuhi ya senene.

Hapa ndipo penye wasiwasi wetu. Tangu miaka ya 1980 wafugaji duniani wamekuwa wakitumia dawa ya minyoo na kupe iitwayo ivermectin. Ni dawa njema, imeokoa mifugo mingi, na imewaokoa watu pia na upofu wa usubi. Lakini sehemu yake hutoka pamoja na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba huwaua au kuwadhoofisha mabuu ya dundu wanaolelewa humo. Hatusemi mfugaji aiache. Twasema bwana mifugo aulizwe kabla ya kundi zima kudungwa sindano kwa sababu ya ndama mmoja, na kwamba ng'ombe waliotibiwa wasipelekwe malishoni wote kwa siku moja.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa dundu alivumilia volkeno na kukauka kwa ziwa, atashindwaje na sindano? Jibu liko Uingereza. Bwana Russell Coope wa Birmingham alitumia maisha yake kuchambua magamba ya mbawakawa kutoka matope ya zama za barafu. Mwaka 1973 alitangaza kwamba dundu mmoja wa kinyesi, aliyekuwa tele Uingereza katika baridi ile, leo anaishi katika nyanda za juu za Tibet tu. Hakufa, wala hakubadilika. Alihama! Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya mbawakawa wengi: tabianchi ikigeuka, walifuata hali waliyoizoea, kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya kilomita. Lakini ili kuhama lazima pawe na njia. Msitu wetu wa Minziro, ulioko mpakani na Uganda, ni kipande cha misitu ya aina ya Kongo kilichozungukwa na mbuga, mashamba na makazi. Mdudu wa msituni akitaka kuondoka Minziro leo, aende wapi?

Wala tusidhani kwamba watakaotoweka watatuachia kumbukumbu. Hakuna Kisingiri ya kuwafunika. Watu wa pwani wanayo sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa Bagamoyo, Rufiji na Kilwa na kuuzwa kwa Wamarekani wa Salem wauchemshe kuwa vanishi. Ndani yake mara nyingi hukutwa mbu, chungu na mbawakawa wamekaa kama ndani ya kioo. Wafanyabiashara wasio waaminifu huuza vipande hivyo kwa watalii wakidai vina mamilioni ya miaka, hali vingi vikipimwa huonekana ni vya miaka mia chache tu. Hata hivyo mia chache hizo si haba. Zinaonyesha ni nani aliyeishi katika misitu ya pwani ambayo sehemu kubwa imekwisha fyekwa. Sisi wa ziwani msandarusi hatuna.

Tulicho nacho ni jalala. Tungewaomba walimu wa elimu ya viumbe wa Nshambya na wa shule nyingine za Bukoba na Muleba, senene watakapoanguka tena, wawatume wanafunzi asubuhi mapema kabla ya kuku. Waokote dundu kumi tu kutoka kila penye taa, wawakaushe, wawachome pini, na chini ya kila mmoja waweke kijikaratasi chenye mambo matatu: mahali, tarehe, na jina la aliyeokota. Sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo fundi yeyote aweza kulitengeneza. Vidonge vya nondo vikiwekwa ndani, na sanduku likiwekwa pasipofikiwa na mchwa, mwanafunzi wa mwaka 2080 atawakuta.